Kuvuta karavani Nakuru hadi Mbita msimu huu wa baridi: tupeane uzoefu

Msafiri wa Section 58: Wadau, likizo ya Agosti inabisha hodi. Karavani ni ya ekseli moja, kilo 900 ikishapakiwa, mvutaji ni pikapu ya dizeli. Njia ni Salgaa, Mau Summit, kulala Kericho, kisha Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, Mbita. Tanki la maji la lita 60 liko nyuma. Jenereta na jerikeni mbili za maji ziko kwenye rafu ya mkia. Wanaoijua njia hiyo wakati wa baridi na mvua, mwageni yote. Nini huharibika, wapi, na kwa nini?

Fundi Shabab: Anza na beringi za magurudumu, mengine baadaye. Inua gurudumu kwa jeki, shika juu na chini, tikisa. Likicheza, kaza au badilisha. Lizungushe ukisikiliza: likikwaruza, beringi imekwisha hata kama haichezi. Grisi mpya kila mwaka, na sili mpya kila unapofungua, usirudishe ile ya zamani kwa kuokoa shilingi mia mbili. Ukifika Salgaa simama, weka kiganja kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kukiacha pale mpaka uhesabu tano, usipande mlima. Nati za magurudumu zikaze tena baada ya kilomita 80 za kwanza, hasa kama magurudumu yalikuwa yametolewa.

Tairi nazo soma ubavuni. Namba nne za mwisho, mfano 2318, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi za karavani huzeeka zikiwa zimesimama uani. Meno yote yapo, lakini ubavu una nyufa kama udongo wa kiangazi.

Nyuki wa Londiani: Habu, kweli kabisa. Na wengi hugusa ya upande wa dereva tu, ya kushoto wanaiachia Mungu.

Kondele Original: Mimi niongeze gurudumu dogo la mbele, lile la kusimamishia. Watu huliinua nusu, wakifika tuta la kwanza linakunjwa kama kijiko. Lipandishe hadi mwisho, kisha kaza kibano chake. Minyororo ya usalama ipite kwa msalaba chini ya ulimi, yaani mkono wa mbele wa trela unaoshikana na gari, ili ulimi ukichomoka uangukie kwenye minyororo badala ya kuchimba lami.

Taa: ukikanyaga breki na indiketa zikafifia au zikawaka pamoja, usibadilishe balbu. Waya wa athi, ule wa kurudisha umeme, umeoza. Kwenye plagi ya pini saba ni ule mweupe, pini ya 3. Kwangua kutu, kaza, paka grisi kidogo. Kule Mau Summit ukungu ukishuka, taa za nyuma ndizo zinazoonwa na lori lililo nyuma yako. Na trela ina namba yake inayoanza na Z, usidhani ya pikapu inatosha.

Mama Trela: Mmeruka kilichoandikwa hapo juu waziwazi. Maji nyuma, jenereta nyuma, jerikeni nyuma. Hiyo ni ajali inayosubiri mteremko.

Nieleze vile ilivyotokea hapo Sachang'wan kwa pikapu moja iliyokuwa ikirudi Nakuru, karavani ya ukubwa kama huo, baiskeli nne na jenereta vimefungwa mkiani. Kwenda haikusumbua, kwa sababu mlimani gari linavuta na ulimi unakazwa. Kurudi ndiko kubaya. Mteremko umeanza, dereva yuko gia ya tano, kilomita 90 kwa saa. Basi likampita. Upepo wa basi kwanza unasukuma mkia wa karavani nje, basi likishapita unaunyonya ndani. Mkia ukaanza kucheza, kidogo tu, kama ng'ombe anayefukuza nzi. Dereva akasahihisha kwa usukani. Usukani ukachelewa nusu mpigo, kwa hiyo kila sahihisho likaongeza mchezo. Mara ya tatu karavani ilikuwa imevuka mstari wa katikati. Akakanyaga breki kwa nguvu. Pikapu ikapungua mwendo, karavani haikupungua, ikasukuma makalio ya pikapu upande. Gari likageuka likatazama Mau Summit, karavani ikalala ubavu mtaroni, na mlango wake ukawa dari. Magodoro, sufuria na mchele vyote barabarani. Hakuna aliyekufa, kwa sababu upande wa pili haukuwa na lori dakika hiyo. Tufe la kuvutia, lile la nyuma ya pikapu linaloshika ulimi, lilikuwa zima kabisa, halina hata mkwaruzo! Kosa lilikuwa uzito uliokaa mkiani ukauinua ulimi.

Ngata Junior: Weuh. Mchele wote?

Bodaboda Mstaafu: Ikianza kucheza unaongeza mafuta, trela inanyooka. Madereva wa zamani wanajua.

Mama Trela: Mzee, kwa heshima, hiyo ni ya kuzika watu. Kuongeza mafuta kunanyoosha sekunde moja, kisha una mwendo mkubwa zaidi mteremkoni, na mwendo ndio chakula cha huo mchezo. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, usikimbizane na mkia. Kama karavani ina breki za umeme, bonyeza zake peke yake kwa mkono, zitavuta mkia nyuma.

Bodaboda Mstaafu: Nimesikia. Lakini mlimani tuliongeza.

Kondele Original: Mlimani hata mkokoteni unanyooka, mzee wangu.

Fundi Shabab: Mteremko unashukwa kwa gia ile ile ungeipandia. Ya tatu, ikibidi ya pili. Usiweke nyutro. Breki ukizishikilia muda mrefu, mafuta yake yanachemka, pedali inakuwa laini kama sifongo halafu inafika sakafuni. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 230, yakishanyonya unyevu yanashuka hadi 155. Kwa hiyo badilisha kabla ya safari, hasa kama yana zaidi ya miaka miwili.

Msafiri wa Section 58: Sasa nitajuaje ulimi una uzito wa kutosha bila mizani ya barabarani?

Mwalimu wa Fizikia, Maseno: Mizani ya bafuni na ubao. Tofali upande mmoja, mizani upande wa pili, ubao wa futi tatu juu yake. Ulimi uketi futi moja kutoka kwenye tofali, futi mbili kutoka kwenye mizani. Unachosoma zidisha kwa 3. Karavani isimame sawa, na mawe nyuma ya magurudumu. Unatafuta asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Kwako ni kilo 90 hadi 135, lakini soma kwanza tufe la pikapu limeandikwa linabeba ngapi. Kila kilo 10 iliyo mita 2 nyuma ya ekseli inauinua ulimi karibu kilo 6, kama ulimi uko mita 3.5 mbele ya ekseli.

Chai ya Kericho: Usiku wa Kericho ni baridi, msije mkaingiza jiko la makaa ndani. Moshi wake unaoua hauonekani wala haunuki.

Ngata Junior: Si unafungua dirisha kidogo tu?

Chai ya Kericho: Si "kidogo tu". Makaa nje, mwisho. Blanketi mbili na chupa ya maji moto. Tundu la juu na la chini yabaki wazi hata bila jiko, la sivyo asubuhi kuta zinatiririka jasho. Na mvua ya mawe huku hupiga alasiri, panda mapema ufike kabla. Paneli ya sola ifunikwe kwa godoro kuukuu.

Nyakach Lakeside: Ukifika Ahero na maji yamevuka barabara, simama nusu saa kwanza. Habu moto ikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili. Grisi inageuka maziwa, na beringi inakufa wiki mbili baadaye ukiwa umeshasahau.

Upande wa Kendu Bay, udongo mweusi ukilowa usiingize trela hata kwa futi kumi. Iache kwenye murramu. Usiegeshe kando kabisa ya maji, kiboko hutoka usiku kula nyasi na hatakuzunguka. Turubai la kivuli likunjwe kabla ya kulala, dhoruba za ziwani huja usiku. Na vyandarua, tafadhali.

Bodaboda Mstaafu: Kiboko ukimmulika taa anarudi ziwani.

Nyakach Lakeside: Mzee, wewe lala Kericho.

Msafiri wa Section 58: Nimepima. Mizani imesoma 13, mara tatu ni 39. Jenereta inahamia mbele kesho, jerikeni zinaingia kwenye pikapu, na tanki nitalijaza Homa Bay. Nitapima tena jioni.

Mama Trela: Na baiskeli?

Msafiri wa Section 58: Mama, hizo sikuzitaja.

Mama Trela: Ndiyo maana nauliza.