Kodi ya halmashauri England: mama ana demensia, binti anamtunza. Punguzo linaombwaje?

Upendo_M
Wakuu, habari za leo. Naomba mwongozo kwa hali hii. Nyumba ipo England, kundi C (kodi hupangwa kwa makundi ya thamani ya nyumba), na wanaoishi humo ni wawili tu: mama wa miaka 79 mwenye demensia na binti yake anayemtunza. Ustawi wa jamii wa halmashauri wameshafanya tathmini ya matunzo, na mama anapata Attendance Allowance, yaani posho ya serikali kwa wazee wanaohitaji matunzo. Bili ya kodi bado inakuja nzima, na barua ya kukumbusha imeshafika. Tathmini ile haikutosha kupunguza kodi? Na wakisitisha malipo wakati wanasubiri majibu, kuna hatari?

Karani wa Mapato
Haitoshi, dada. Familia nyingi hupoteza pesa hapa hapa. Idara ya ustawi na idara ya mapato ziko chini ya halmashauri moja, lakini ya kwanza inafuata Care Act (sheria ya matunzo) ya 2014 na ya pili inafuata sheria ya kodi ya 1992. Usipoomba mwenyewe, hakuna atakayekuombea.

Bili nzima imejengwa juu ya watu wazima wawili au zaidi. Sheria inataja watu wasiohesabiwa, na hapo kwenu huenda wote wawili wamo. Mama hahesabiwi ikiwa daktari atathibitisha hitilafu kubwa ya akili inayoonekana kuwa ya kudumu, na awe anastahili posho mojawapo kati ya zilizotajwa katika sheria. Attendance Allowance imo. Omba fomu ya SMI (severe mental impairment, yaani hiyo hitilafu kubwa ya akili), ndivyo halmashauri zinavyoiita. Binti naye hahesabiwi ikiwa anaishi humo, anamtunza wastani wa saa 35 kwa wiki au zaidi, na anayetunzwa si mume wala mke wake, wala si mtoto wake wa chini ya miaka 18. Si lazima awe anapokea Carer's Allowance, posho ya mtunzaji. Wengi hawaombi kwa kudhani ni lazima.

Mmoja asipohesabiwa, punguzo ni asilimia 25. Wote wawili wasipohesabiwa ni asilimia 50. Mama angekuwa anaishi peke yake, nyumba ingesamehewa kodi yote.

Kosa linalojirudia ni tarehe. Daktari hujaza siku aliyotia sahihi, na punguzo linaanzia hapo. Mwombeni aandike tarehe ambayo hali ilithibitishwa, kisha ambatanisheni barua ya posho inayoonyesha ilianza lini. Punguzo linarudi nyuma hadi siku ambayo masharti yote mawili yalitimia, hata kama ni miaka kadhaa.

Mshauri wa Madeni
Nijibu la kusitisha malipo: msisitishe. Ombi la punguzo halisimamishi ukusanyaji. Barua ya kukumbusha inatoa siku 7 za kulipa awamu iliyochelewa. Zikipita, baada ya siku 7 nyingine mnadaiwa salio la mwaka mzima. Kisha huja wito wa mahakama, na hakimu akitoa amri ya kuthibitisha deni, halmashauri inaweza kukata mshahara, kukata baadhi ya posho au kutuma madalali wa kukusanya madeni. Gharama za mahakama zinaongezwa juu ya deni.

Lipeni awamu iliyochelewa ndani ya hizo siku 7. Andikeni barua pepe kwa idara ya mapato kwamba ombi la SMI limeingia, nyumbani kuna mtu mwenye demensia, na mnaomba hatua zisitishwe hadi uamuzi utoke. Ombeni pia awamu 12 badala ya 10; ni haki yenu, na kiasi cha mwezi kinashuka.

Wakikataa punguzo, waandikieni kupinga. Wana miezi 2 ya kujibu. Wakikataa tena, mna miezi 2 kwenda Valuation Tribunal, baraza huru la rufaa za kodi hii, na huko hakuna ada.

Karani wa Mapato
Nimesahau jambo moja. Kama mama anatumia kiti cha magurudumu ndani ya nyumba, au kuna bafu la pili kwa sababu ya ulemavu wake, ombeni kushushwa kundi moja. Chumba cha kulala cha kawaida hakitoshi. Kushusha kundi hufanyika kwanza, punguzo baadaye. Tuseme bili ya kundi C ni pauni 1,800: kundi B inakuwa 1,575, na nusu yake ni 787.50. Baada ya hapo ndipo mnaomba msaada wa kodi kwa wenye kipato kidogo, ambao kwa wastaafu kanuni zake ni za nchi nzima.

Upendo_M
Asanteni sana. Na mama akihamia kituo cha matunzo moja kwa moja?

Mshauri wa Madeni
Toeni taarifa siku hiyo hiyo. Binti ataanza kuhesabiwa, maana hamtunzi tena humo. Atabaki mtu mzima mmoja, punguzo la asilimia 25, na bili itahamia jina lake. Msikae kimya mkiendelea na asilimia 50, kwa sababu tofauti itadaiwa baadaye. Nyumba ikibaki tupu kwa sababu mama amehamia kituoni, inasamehewa.

Lililo zito zaidi ni ada ya kituo. Akitunzwa nyumbani, thamani ya nyumba haiingii kwenye hesabu ya mali yake. Akihamia kituoni inaweza kuingia, na kikomo cha mali, ambacho akikizidi anajilipia ada mwenyewe, ni pauni 23,250. Binti akiwa na miaka 60 au zaidi na anaishi humo, nyumba haihesabiwi. Akiwa chini ya hapo, halmashauri ina hiari ya kutoihesabu, hasa kama aliacha makazi yake ili kumtunza. Ombi hilo lipelekwe kwa maandishi kabla ya tathmini ya fedha kufungwa.