Vikapu vya Iringa vimefika Hamburg na ukungu, mzigo wa pili nipakieje?

MamaMilulu: Habari zenu wakuu. Niko Iringa, tuko kina mama 12 tunasuka vikapu vya milulu, mwaka jana tukapata mteja Hamburg tukamtumia 200 kwa meli kwa kushea kontena na watu wengine, kufika kule akanirushia picha nikalia, kama 60 hivi vimeota ukungu na vingine vimebonyea. Na hapa vilitoka vizuri nimevikagua kimoja kimoja! Kila kimoja tulikitia kwenye nailoni halafu kwenye viroba. Sasa kaagiza 300 tena. Nipakieje? Au nitume kwa ndege maana ni vyepesi?

Mzee wa Kurasini: Pole dada. Nailoni ndo imekuponza. Ule mlulu hata ukiuona umekauka, ndani ya msuko bado kuna unyevu hasa vile vya rangi vilivyochemshwa, ukifunga nailoni umeufungia humo humo. Halafu kontena mchana linapigwa jua usiku linapoa, unyevu unageuka maji unadondoka toka kwenye dari, yani kontena linatoka jasho kama mtu. Anika kivulini penye upepo siku kadhaa (jua kali litapausha rangi), usipakie siku ya mvua, funga kwa karatasi, tia kwenye katoni ngumu, na silika jeli (vile vipakiti vya kunyonya unyevu) weka za kutosha siyo kapakiti kamoja kwa heshima. Na mzigo usiulete Dar mapema ukalala godauni wiki tatu, masika ya huku unayajua.

Dogo_Ilala: Ndege usidanganyike na huo wepesi. Wanapima ujazo, urefu mara upana mara kimo kwa sentimita gawa kwa 6,000, na wale wa kupeleka mpaka mlangoni wengi wanagawa kwa 5,000. Katoni ya 60 kwa 40 kwa 40 unachajiwa kilo 16 hata ndani kukiwa na kilo 5, yani unalipia hewa 😂 Suka saizi zinazoingiana kama masufuria, kidogo ndani ya kikubwa, katikati karatasi rangi zisichafuane. Hapo na kubonyea kunaisha. Meli ndo size yako, katoni kumi za hivyo hazifiki hata kyubiki moja, yani mita moja ya ujazo.

MamaMilulu: Asanteni jamani, nimeelewa kosa langu. Kuna fundi wa mbao hapa mtaani kasema atanigongea mapaleti bei poa, nimpe kazi?

Mzee wa Kurasini: Usimpe!! Paleti ya mbao ya kwenda Ulaya lazima iwe imepashwa joto nyuzi 56 kwa dakika 30 mpaka kwenye kiini, na igongwe muhuri wenye alama ya suke la ngano na herufi HT, sababu wanaogopa wadudu wa kwenye mbao. Bila muhuri mzigo unaweza kuzuiwa bandarini kwao na gharama ni yako. Nunua zilizogongwa tayari, au za plastiki.

Dogo_Ilala: Na kwenye invoisi andika namba ya forodha, vikapu ni 4602. Mzigo usiozidi euro 6,000 tamko kwamba bidhaa asili yake ni Tanzania unaliandika mwenyewe hapo hapo kwenye invoisi, ila maneno yake yamepangwa usiyatunge, muombe ejenti wako. Hilo ndo linamfanya mteja asilipe ushuru.

MamaMilulu: Hilo la euro mwaka jana hakuna aliyeniambia! Ila huyo fundi ni shemeji yangu na mbao keshanunua, sijui namwambiaje.

Mzee wa Kurasini: Mwambie akugongee chanja za kuanikia.