Corolla 110 ya 1999, Dar hadi Mbeya na watu watano: itafika?

Kibao_Kata:
Wakuu habarini. Nina Corolla 110 ya mwaka 1999, injini 5A, otomatiki. Kila siku inatoka Mbagala kwenda Posta na kurudi, mshale wa joto hauvuki nusu hata kwenye foleni. Desemba nataka kwenda nayo Mbeya, watu wazima watano na buti limejaa. Fundi anataka nibadilishe mkanda wa taimingi, pampu ya maji, plagi na shokapu zote nne kabla ya safari. Mfuko hauruhusu vyote. Nianze na kipi, na nitajuaje gari iko tayari? Zimebaki wiki tatu.

Gereji_Bubu:
Mkuu, foleni inapima feni tu. Injini ikiwa sailensa (inaunguruma gari imesimama) haitoi joto jingi, kwa hiyo rejeta, ile inayopoza maji ya injini, ikiziba nusu inamudu mjini bila mtu kujua. Ukifika mlima Kitonga na watu watano, injini inavuta kwa nguvu huku gari inakwenda polepole, na hapo ndipo rejeta hiyo inaumbuka. Anza na maji kabla ya kununua kifaa chochote.

Asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe yamefika shingoni. Yakiwa na rangi ya kutu, mtu amekuwa akijaza maji ya bomba, na kutu hiyo ndiyo inayoziba rejeta kwa ndani. Ukikuta utando wa oili juu ya maji, au kijiti cha oili kina kitu kama chai ya maziwa, oili na maji vimechanganyika, sahau safari kwanza. Washa injini kifuniko kikiwa wazi. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyonaswa, lakini yakiendelea bila kukoma, au maji yakirushwa nje kila ukikanyaga mafuta, gasketi ya silinda hedi inapitisha moshi.

Kifuniko chenyewe kikague: mpira usiwe umepasuka, springi iwe ngumu, na namba iliyoandikwa juu iwe ile ile ya gari yako, mara nyingi 0.9. Mgandamizo huo ndio unaofanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120 badala ya 100. Kifuniko kimelegea, gari inachemsha hata kama rejeta ni mpya, na ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ulivyotajiwa.

Uliza pia kama themostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) ipo, maana mafundi wengi wanaitoa wakidhani wanasaidia. Ukiwa barabara kuu, mwendo wa 80, mshale wa joto ukishuka karibu na C (baridi), haipo au imekwama wazi. Injini inayotembea baridi inakunywa mafuta na kuchakaa haraka. Rudisha.

Spana14:
Fundi wako yuko sahihi nusu. Mkanda wa taimingi wa 5A ni wa kilometa 100,000, na kwa gari iliyoletwa imetumika usiiamini dashibodi. Tafuta stika kwenye chumba cha injini yenye tarehe au kilometa za mkanda uliopita. Kama hakuna stika wala risiti, badilisha. Kwenye injini hii ukikatika kwa kawaida vali hazipindi, lakini gari inazimika papo hapo, na katikati ya Mikumi si mahali pa kusubiri fundi. Akifungua, aangalie sili za kamshafti na krenkishafti. Zikivuja, oili inaula mkanda mpya, kwa hiyo sili na mkanda vibadilishwe pamoja.

Pampu ya maji kwenye 5A haizungushwi na mkanda wa taimingi, inazungushwa na mkanda wa alterneta. Kwa hiyo hakuna ulazima wa kuibadilisha eti kwa sababu taimingi imefunguliwa. Tikisa puli yake kwa mkono, na angalia alama za maji yaliyokauka chini yake. Haina mchezo wala alama, iache. Ila ule mkanda wa alterneta ukiwa na nyufa, nunua mpya: ukikatika, taa ya chaji inawaka na maji yanaacha kuzunguka kwa wakati mmoja.

Plagi zisubiri kama gari haimisi (haikati-kati moto). Shokapu badilisha zinazovuja tu, lakini kwa jozi, zote mbili za mbele au zote mbili za nyuma.

Mteremko:
Wote mmesahau kurudi. Kupanda Kitonga kunaua injini, kushuka kunaua breki. Fluidi ya breki inavuta unyevu, ikipata joto inatokota na pedali inazama. Kama haijabadilishwa kwa miaka miwili, imwage yote na uweke DOT 3 au DOT 4. Pedi chini ya milimita 3 hazifai safari hii. Nyuma fungua madramu uone kama silinda ndogo zinalowesha shuu. Ukishuka, weka gia kwenye 2 au L.

Tairi zina tarakimu nne pembeni: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi iliyovuka miaka sita siipakii watu watano kwenye lami ya mchana, hata kama kashata (meno ya tairi) bado zimesimama. Soma na ile ya akiba. Upepo pima tairi likiwa la baridi, kipimo kipo kwenye stika ya nguzo ya mlango.

Kibao_Kata:
Asanteni. Breki na tairi ziko sawa, mkanda nimepanga kubadilisha. Ila tangi la akiba la maji limeshuka kutoka FULL hadi LOW ndani ya siku chache, na chini hakuna tone.

Gereji_Bubu:
Basi hiyo ndiyo kazi yako, mkanda ufuate. Tafuta gereji yenye pampu ya kupimia rejeta. Wajaze mgandamizo mpaka namba ya kifuniko, waiache robo saa. Mshale wa kipimo hicho ukishuka, angalia maunganisho ya hozi, pampu ya maji, na zulia la miguuni upande wa abiria, maana hita nayo inavuja. Huoni kitu nje? Toa plagi zote nne. Moja ikiwa safi kupita wenzake kana kwamba imeoshwa, silinda hiyo inakunywa maji. Unga wa kuziba matundu ya rejeta usiuguse, utaziba na njia zilizo nzima.

Ukishatengeneza, pakia uzito ule ule uende Chalinze na kurudi, kama kilometa 200. Kesho yake asubuhi soma tangi, oili ya injini, na chini ya gari. Fanya hivyo wiki mbili kabla ya safari, kifaa kipya kikiwa kibovu kikufie Dar. Maji yakishuka tena, kata tiketi ya basi mapema, Desemba zinaisha.