Banio la magogo la mfongo wetu linataka kubomolewa lijengwe la zege. Ushauri wenu wakuu

MjukuuWaMfongo
Wakuu, salaam. Shikamooni wakubwa. Naomba ushauri, hasa kwa mnaotoka uchagani na mnaojua umwagiliaji.

Mfongo (mfereji wa asili) wa ukoo wetu unachota maji mtoni kwa banio la kale: magogo yamelazwa kukatisha mto, yamekazwa kwa mawe, matawi na udongo. Maji yanaingia nduwa (bwawa dogo la kuyatunza), ndipo yanagawiwa vihambani, yaani mashamba yetu ya nyumbani, kwa zamu. Sasa kamati inataka zege. Wazee hawataki kusikia, vijana wamechoka kulirudishia kila masika yakilisomba. Naumia kuona kazi ya mababu inafutika, lakini sitaki mtu akose maji kwa sababu yangu. Tufanyeje?

FundiMifereji
Mkuu, waangalieni kwanza wa bondeni. Banio la magogo huvuja, na yale yanayovuja ndiyo wanayolimia wao kiangazi. Zege na lango la chuma huweza kukausha mto bila mtu kukusudia. Tena mafuriko yakija magogo yanaondoka na mfereji unapona. Zege likigoma kuondoka, maji hutafuta njia pembeni na kula kingo. Kibali chenu cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kinasema mchukue kiasi gani? Mchoro uanzie hapo.

BintiKihamba
Mimi niseme ukweli, ningejenga. Mama zetu ndio wanaoamka usiku kufuata zamu maji yakipungua. Ila si lazima mbomoe la zamani, sogezeni jipya juu kidogo.

Seremala_Mstaafu
Msilihukumu banio lote. Gogo lililozama muda wote huoza polepole sana kwa kuwa hewa haifiki. Linalooza haraka ni la pale maji yanapopanda na kushuka. Huenda mnahitaji kubadili ya juu tu. Na magogo mapya yatoke vihambani, msikate ya kando ya mto: Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni.

Mzee_wa_Zamu
Mjukuu, magogo yamebadilishwa tangu enzi. Kilichodumu ni msaragambo (kazi ya pamoja), zamu, na mwenye mfongo anayejua nani afunguliwe lini. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, huko Kilimanjaro, kuwa urithi wa kilimo wa dunia, na mifongo ni sehemu ya mfumo huo. Warekodini wazee wakilijenga banio, hatua kwa hatua, wangali na nguvu za kuingia mtoni.

MjukuuWaMfongo
Asanteni sana. Nitaomba wa bondeni waitwe kikaoni kabla mchoro haujapitishwa. Barua kwa Bodi aandike nani, ukoo au kamati?

FundiMifereji
Jumuiya ya watumia maji, kama mnayo. Hiyo ndiyo inayotambuliwa na sheria ya maji ya 2009. Ambatanisheni nakala ya kibali na picha za banio, za masika na za kiangazi.