Nipo Texas, nadaiwa kwenye kadi, akiba haikui. Naombeni ushauri

Zamu_ya_Usiku:
Habari za muda huu wakuu. Nipo Dallas, nabeba boksi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nina kadi ya mkopo, deni limefika dola 9,400, riba asilimia 27 kwa mwaka. Sijawahi kuchelewesha malipo. Bili ikija nalipa kile kiwango cha chini, dola 305, lakini mwezi unaofuata deni ni kama halijaguswa. Nataka nianze kuweka akiba kwa nidhamu. Nianzie wapi? Natoka kazini asubuhi, badala ya kulala nawaza hili tu.

Kipara wa Mbagala:
Pole dada. Hiyo hela huku ni boma limesimama. Mimi wife alichukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ya laki tatu bila kuniambia. Kila Jumatatu jamaa wako mlangoni na daftari, mwisho wakaondoka na friji, maji ya baridi ndani yake. Hata Benki Kuu (BoT) Novemba 2024 walitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, lakini watu bado wanakopa. Mkopo si wa kuuchezea.

Mtumishi77:
Biblia iko wazi, akopaye ni mtumwa wake akopeshaye. Toa fungu la kumi kwanza, mengine yatajipa.

Kikokotoo:
Dada, kwenye hiyo 305, kama 211 ni riba tupu. Deni lenyewe linapungua dola 94 tu. Na ukiendelea kununua kwa kadi wakati unadaiwa, riba ya manunuzi mapya inaanza siku hiyo hiyo, ile nafuu ya wiki tatu ni ya anayelipa bili yote. Nijibu mawili: kadi ilinunua nini, na sasa hivi benki una kiasi gani?

Zamu_ya_Usiku:
Mahitaji ya kawaida mkuu. Kodi, gari, chakula. Maisha ya huku ni gharama sana.

Kikokotoo:
La benki hujajibu.

Zamu_ya_Usiku:
Sawa. Nina dola 5,500 kwenye akaunti ya akiba. Ila hizo zina kazi yake, ni za kupaua nyumba yangu Chanika. Na deni kubwa limetokana na hiyo nyumba. Saruji na nondo nilikuwa natoa taslimu kwenye kadi namtumia kaka. Ameshaweka oda ya bati, Ijumaa natuma hela. Masika yanaanza Machi, nikichelewa kuta zitaoza. Msiniambie niache kujenga, hilo nimeshaamua. Mimi nimeuliza akiba.

Binti Rufiji:
Kaka anatuma picha lakini? Shangazi yangu aliyeko Muscat alijengewa nyumba ya ghorofa kwenye WhatsApp. Aliporudi akakuta mihogo.

Mla Mbivu:
Hii chai, stori ya kutunga, wala haina sukari. Saa nne asubuhi Bongo ni saa saba usiku Texas, mtu ana muda gani wa kubishana humu? Subirini, baada ya kurasa mbili atatokea "mtaalamu" na namba yake ya kufuta madeni. Kwanza bili za kule kisheria zina kisanduku kinachosema ukilipa kiwango cha chini tu utamaliza lini. Kama una kadi kweli, kisome hapa.

Kipara wa Mbagala:
Mla Mbivu hata msibani unaomba cheti cha kifo 😂

Zamu_ya_Usiku:
Nimeandika jina langu kabisa kwamba nafanya usiku. Wazee wamelala, niko kwenye kiti koridoni. Bili hii hapa kwenye simu: nikilipa kiwango cha chini bila kuongeza deni, miaka 22. Nikilipa dola 384, miaka 3.

Sikuwahi kukisoma hicho kisanduku.

Mla Mbivu:
Naondoa la chai. Pole dada yangu. La mtaalamu wa namba bado nalisimamia: anayekupigia simu akitaka ada kabla hajakufanyia lolote, kata, sheria ya Marekani inamkataza. Watafute washauri wasiotafuta faida, walio chini ya NFCC, mtandao wa Marekani wa washauri wa madeni. Wanaweza kukuombea riba ishuke.

Kikokotoo:
Sasa sikiliza. Akiba unayo tayari, tatizo iko upande unaozalisha senti wakati deni linakula asilimia 27. Acha 1,000 ya dharura, gari lisikurudishe kwenye kadi. Weka 4,500 kwenye deni. Riba ya mwezi inashuka hadi kama 110. Ukiendelea na 305 yako ile ile bila kununua wala kutoa taslimu, unamaliza kwenye miezi 21. Baada ya hapo 305 nzima inaingia akiba kila mshahara, tena ijikate yenyewe.

Zamu_ya_Usiku:
Na masika je?

Fundi Msumari:
Hapo ndipo penye swali langu. Tofali za saruji au za kuchoma? Lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha na milango, umefunga?

Zamu_ya_Usiku:
Za saruji. Lenta ilifungwa mwezi wa kumi, picha ninazo.

Fundi Msumari:
Basi hazina cha kuoza. Nimepaua maboma yaliyonyeshewa mvua za miaka mitatu. Uzibe juu ya tofali zilizo wazi, maji yasituame ndani, basi.

Zamu_ya_Usiku:
Nimeongea na kaka. Alishatanguliza hela yake dukani na hairudi. Nitalipa 3,500 kwenye kadi, 1,000 ibaki, 1,000 nimtumie.

Kikokotoo:
Hiyo 1,000 ya kaka itakugharimu dola 22 na nusu za riba kila mwezi. Ujue hilo.

Zamu_ya_Usiku:
Nalijua sasa. Lakini alitoa hela yake kwa neno langu, siwezi kumwacha dukani peke yake.

Fundi Msumari:
Kabla hujatuma muulize bati ni geji (unene) 28 au 30, na risiti iandikwe jina lako.