Wakuu, nafanyaje bega lipate nguvu ya kutupa mpira wa kriketi mbali?

Wiketi3: Heshima kwenu wakuu. Nacheza kriketi hapa Dar, naboli kwa kasi (yaani namrushia mpigaji mpira), na tukiwa tunalinda uwanja nasimama mpakani. Nikitupa kwa mkono wa kulia mpira unadunda mara mbili kabla ya kumfikia mlinda wiketi, yule anayesimama nyuma ya mpigaji. Mchujo wa timu umekaribia. Nipeni mazoezi ya haraka.

Chuma Polepole: Dogo, bega halitupi peke yake. Nguvu inaanzia mguuni, inapita kiunoni, ndipo inafika mkononi. Tafuta mpira wa mazoezi wa kilo 2, simama ubavu ukutani, zungusha kiuno, urushe. Seti 4, mara 6 kila upande, pumzika dakika 2. Kasi ikishuka, acha, maana hapo unajichosha tu. Siku mbili kwa wiki zinatosha.

Dada wa Nyavu: Na breki je? Misuli ya nyuma ya bega ndiyo inayousimamisha mkono mpira ukishatoka. Kata tyubu ya baiskeli, ifunge nguzoni usawa wa kiwiko, bana taulo kati ya kiwiko na mbavu, vuta mkono kwenda nje, rudisha kwa sekunde 3. Seti 3 za 15. Watu wanajaza kifua kwa benchi, nyuma hamna kitu.

Mzee wa Kanuni: Vijana mnataka haraka kila kitu. Kenya iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 haikujengwa kwa wiki mbili. Nidhamu kwanza.

Dada wa Nyavu: Wiketi3, bega linauma?

Wiketi3: Kidogo tu.

Dada wa Nyavu: Usiku je, ukililalia?

Wiketi3: Usiku ndiyo, la kushoto. Nikimeza dawa linatulia. Ila siwezi kuacha sasa, jimu nimeshalipia, na kocha wa pale amenipa kusukuma chuma nyuma ya shingo na kurusha mpira wa kilo 6. Uzito si ndiyo nguvu?

Chuma Polepole: Hilo ndilo ungeanza nalo. Mpira wa kriketi una gramu 156 hadi 163. Kwa kilo 6 mkono unakwenda taratibu, kasi unayoitaka huipati. Na chuma nyuma ya shingo kinalibebesha bega mzigo likiwa mwisho kabisa wa mzunguko wake. Acha vyote viwili. Dawa inaficha maumivu, jeraha linaendelea.

Mtata: Stori ya kutunga hii. Anatupa kwa kulia, linauma la kushoto!

Wiketi3: Sijatunga kitu. Naboli kwa kushoto, natupa kwa kulia.

Mtata: Rahisi kusema baada ya kubanwa.

Dada wa Nyavu: Mtata, wachezaji wa hivyo wapo. Na hapo swali lake linagawanyika mara mbili: umbali ni wa kulia, maumivu ni ya kuboli. Wiketi3, ova 10 ni mipira 60, na ya mazoezi ya nyavuni inahesabiwa pia. Uliongeza ghafla kwa ajili ya mchujo?

Wiketi3: Niliongeza, karibu mara mbili. Nikiboli ova 4 tu siku ya mchujo?

Dada wa Nyavu: Kama bado linakuamsha usiku, hata ova moja usiboli. Nenda kwa fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) alipime kabla hujagusa mpira kwa kushoto. Kulia endelea: anzia mita 20, kisha 30, kisha 40, mitupo 10 kila umbali, siku moja tupa na inayofuata pumzika.