Radio ya Papa (Grupu ya Familia, Kadutu)

Tantini Nsimire, 18:42
Bandugu, tumetoka hospitali. Munganga aliangalia radio ya kifua, ile picha ya eksirei, akatuonyesha kitu cheupe kama tonge, juu kabisa upande wa kuume. Akasema inaweza kuwa kanseri. Miguu ilinilegea.

Mugisho, 18:44
Mungu wangu. Ni juu ya ile damu alikohoa siku ya yenga?

Baba mudogo Cirhuza, 18:45
Tuite bandugu ba Uvira. Ile kiwanja ya Bagira tuuze, tumupeleke Kigali.

Amani infirmye, 18:51
Baba mudogo, kiwanja kingoje kwanza. Munganga alisema "inaweza". Tantini, Papa mukubwa alitibiwa kifua kikuu mwaka gani?

Tantini Nsimire, 18:52
2018. Alimeza vidonge miezi 6, akapona. Na juzi walipima makohozi tena, TB hakuna.

Amani infirmye, 18:58
Hapo ndipo ninapoona jambo. TB hata ikipona inaweza kuacha shimo kwenye pafu, mara nyingi huko huko juu. Sasa kuna shampinyo moja, yaani kuvu, inaitwa Aspergilasi. Mbegu zake tunazivuta sisi sote kila siku: mahindi yaliyooza, majani makavu, ukuta wenye unyevu. Wengi hazitufanyi kitu. Lakini zikipata shimo la zamani zinaota humo, zinajiviringa kama tonge ya bugali. Kwenye radio unaweza kudhani ni kanseri. Na mgonjwa anakohoa damu vile vile, anakonda vile vile.

Furaha, 18:59
Shampinyo kama ile ya miguu? Niko na pomadi hapa 😂

Amani infirmye, 19:00
Pomadi haifiki kwenye mapafu, Furaha.

Papa, 19:03
Mimi niko mu hii grupu tangu Noeli. Munagawa kiwanja yangu na hakuna hata mumoja alinisalimia.

Tantini Nsimire, 19:03
🙈 Yaya, utusamehe

Papa, 19:05
Radio ya 2018 iko mu valizi, chini ya makoti. Mama yenu hakutupaka karatasi.

Amani infirmye, 19:12
Papa mukubwa, hiyo filimu ni mali! Wataiweka karibu na ya leo. Kama 2018 palikuwa na shimo pale pale, na leo tonge liko ndani yake, na juu ya tonge kumebaki hewa kama mwezi mwandamo, shampinyo inaanza kushukiwa. Kwa skana watakulaza chali, halafu kifudifudi: tonge ambalo halijashikana na ukuta linabiringika. Kanseri imeota kwenye nyama ya pafu, haibiringiki, na kingo zake mara nyingi zina miiba miiba.

Mugisho, 19:13
Basi si kanseri!

Amani infirmye, 19:19
Sijasema hivyo. Papa mukubwa alivuta sigara miaka mingi, kanseri inaweza kuota hata kwenye kovu la TB, na vyote viwili vinaweza kukaa pamoja. Damu ipimwe kama ina zile kinga mwili unatengeneza kupigana na Aspergilasi. Shaka ikibaki, wanachukua kipande kidogo, kwa sindano au kwa kamera inayopita kooni. Na muwaambie laboratwari itafute vyote viwili. Wakiulizwa kanseri tu, shampinyo inaweza kuwapita.

Baba mudogo Cirhuza, 19:21
Na ile deksa nilimununulia ku farmasi? Siku tatu sasa, anakula vizuri.

Amani infirmye, 19:22
😳 Deksametazoni? Inaleta hamu ya kula, lakini inalaza kinga ya mwili na shampinyo inapata nafasi. Kwa kuwa ni siku tatu tu, aache leo. Munganga aambiwe.

Papa, 19:24
Kumbe ile hamu ya sombe ilikuwa ya vidonge.

Furaha, 19:25
Na kama ni shampinyo, dawa iko?

Amani infirmye, 19:28
Iko, itrakonazoli, inamezwa miezi mingi. Wengine wanapasuliwa, tonge linatolewa. Ila usiku wa leo damu ikitoka nyingi, musingoje asubuhi, mumupeleke mara moja.

Baba mudogo Cirhuza, 19:30
Kesho saa moja niko kwa Yaya, nabeba valizi.

Amani infirmye, 19:30
Filimu tu, baba mudogo. Na usiikunje.